Sheikh Muhammad Abduh na Amana ya Cheo

Wako maulamaa waliokimbia vyeo vya serikali kwa kuogopa fitina, na wako waliovitafuta kwa kutaka dunia. Sheikh Muhammad Abduh, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa katika hawa wala wale: alivipokea apate kuvitumia. Kwa hiyo tumeona inafaa kuyasimulia maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1849 katika watu wa shamba wa Misri. Alipopelekwa kusoma Tanta alikimbia, kwa kuwa alihifadhishwa maneno pasina kufahamishwa maana. Sheikh Darwish, mjomba wa baba yake, ndiye aliyemrejesha katika ilimu kwa upole. Mwaka 1866 aliingia Al-Azhar, na huko Cairo akawa mwanafunzi wa Sayyid Jamaluddin Al-Afghani.

Mwaka 1880 alitiwa katika gazeti la serikali, akawa mhariri wake mkuu. Harakati ya Urabi Pasha hakuipenda kwanza. Kisha akaungana nayo. Waingereza walipoiteka Misri mwaka 1882 alifungwa, akatolewa nchini. Alikaa Beirut, na mwaka 1884 alikuwa Paris na mwalimu wake wakitoa gazeti la Al-Urwatul Wuthqa, lililosita baada ya matoleo 18.

Aliporudi mwaka 1888, Khedive Tawfiq hakumwachia kusomesha. Alimfanya hakimu katika mahakama za wenyeji. Mwengine angalijiona ametupwa. Yeye alifanya kazi. Mwaka 1895 aliingia baraza ya kuiendesha Al-Azhar, akashughulikia mishahara ya walimu, na makaazi, maji, taa na matibabu ya wanafunzi. Mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka huo huo alizikagua mahakama za sharia, akaeleza bila ya kuficha majumba yao mabovu, uchache wa mishahara ya makadhi na upungufu wa mafunzo yao.

Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal walimuuliza: Je, yafaa kuvaa kofia ya Kizungu, kula nyama iliyochinjwa na Wakristo, na Mshafi kusali nyuma ya Mhanafi? Alijibu kuwa yafaa, akashambuliwa kwa ukali magazetini.

Wala tusifiche: usuhuba wake na Lord Cromer, mkubwa wa Waingereza nchini Misri, ulimletea lawama, na waliomlaumu hawakukosa hoja, kwani nchi ilikuwa mikononi mwa wageni. Lakini yeye alikwisha kuona silaha zikishindwa, akaitakidi kuwa ilimu ni njia ndefu isiyopotea. Khedive Abbas Hilmi naye alimchukia. Mwezi wa Machi 1905 alijiuzulu katika baraza ya Al-Azhar, na tarehe 11 Julai akafa Alexandria.

Fikira zake zilienezwa na jarida la Al-Manar la mwanafunzi wake Rashid Rida, zikafika hata Mombasa kwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha Al-Islah mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Basi kila aliyepewa cheo miongoni mwetu na ajiulize: siku atakapokiacha, je, mwanafunzi atakuwa amepata taa, na kadhi amepata ilimu? Au litabaki jina lake tu?