Stephen Hales, Mpimaji wa Nguvu za Damu

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, chini kidogo ya kidole gumba. Utasikia mdundo. Huo ni mshipa unaotanuka kila moyo unaposukuma damu. Je, damu hiyo husukumwa kwa nguvu kiasi gani? Aliyeipima nguvu hiyo kwanza ni kasisi wa Kiingereza aliyeitwa Stephen Hales.

Hales alizaliwa mwaka 1677 katika jimbo la Kent. Alisoma Cambridge, na mwaka 1709 akawa kasisi wa kijiji cha Teddington, karibu na London. Kazi yake ilikuwa kuhubiri, lakini alipenda mno kupima vitu. Alipima hata maji yanayopanda ndani ya mimea.

Siku moja alimlaza farasi jike chini na kumfunga. Akakata mshipa mkubwa wa paja, akatia humo kijibomba cha shaba, kisha akaunganisha mrija mrefu wa kioo uliosimama wima. Damu ikapanda ndani ya mrija hadi kimo cha mita 2 na nusu hivi! Ikawa inapanda na kushuka kidogo kwa kila pigo la moyo. Farasi yule hakupona. Wako waliomlaumu Hales kwa kutesa wanyama, nao hawakukosa sababu.

Habari hizo alizichapisha mwaka 1733. Katika kitabu hicho hicho aliandika pia juu ya mawe ya figo na ya kibofu. Wewe wajua kwamba figo huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo ukiwa na maji machache, chumvi zilizomo huweza kuganda zikawa mawe, kama chumvi inavyobaki maji ya bahari yakaukapo. Maumivu yake ni makali sana. Enzi zile mgonjwa wa jiwe la kibofu alifungwa kamba akapasuliwa akiwa macho, maana dawa ya usingizi haikuwapo, na wengi walikufa. Kwa hiyo Hales alitumbukiza mawe katika vimiminika vya namna nyingi, akitafuta cha kuyayeyusha. Vile vikali vingeunguza na kibofu pia. Hakuipata dawa aliyoitaka, lakini mwaka 1739 Chama cha Kifalme cha London kilimtunukia nishani kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1761.

Kwa Hales, damu na mawe yalikuwa mambo mawili mbalimbali. Siku hizi madaktari wameona kwamba watu waliopata kuugua mawe ya figo hupatwa na shinikizo la damu na maradhi ya moyo mara nyingi zaidi kuliko wengine. Usidhani kwamba jiwe husafiri mpaka moyoni. Hubaki katika figo au hushuka na mkojo. Huenda mambo yale yale, kama vile unene wa kupita kiasi na chumvi nyingi katika chakula, hudhuru figo na mishipa ya damu pamoja. Jambo hilo bado linachunguzwa. Daktari mwangalifu amtibupo mgonjwa wa mawe humpima pia shinikizo la damu, kwa mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa, pasipo kumwaga hata tone moja la damu.