Maisha ya Kapiteni Henry Joseph Round, Askari na Fundi wa Radio (1881–1966)

Katika kitabu hiki mnasoma habari za wale walioijenga parokia. Tumeona vema kuweka kati yao maisha ya mtu wa mbali. Kila jioni tunaposikiliza radio, na kila usiku waimbaji wanapojifunza nyimbo zao kwa mwanga wa taa ndogo ya kuchaji, tunatumia vitu ambavyo yeye alikuwa kati ya watu wa kwanza kuvigusa. Sisi tulipokuwa seminari ndogo tulifundishwa jina la Marconi peke yake; la msaidizi wake hatukulisikia hata siku moja.

Round alizaliwa tarehe 2 Juni 1881 huko Kingswinford, Uingereza. Akasoma elimu ya sayansi mjini London, akashinda vizuri, na mwaka 1902 akaingia katika kampuni ya Marconi, iliyompeleka Marekani. Huko, mwaka 1907, alikuwa akijaribu vipande vya karborandamu, lile jiwe gumu la kunolea vyuma. Alipopitisha umeme ndani yake, jiwe likatoa mwanga wa manjano. Vipande vingine vikatoa kijani, rangi ya chungwa au buluu. Aliandika mistari michache tu katika gazeti la mafundi wa umeme, akaendelea na kazi yake. Karibu hakuna aliyeifuatilia habari hiyo. Mrusi Oleg Losev aliuona mwanga uleule kwa njia yake mwenyewe miaka ya 1920, naye pia akasahauliwa.

Mwaka 1912 alitumwa Brazili, kwenye vituo viwili vya telegrafu bila waya katika msitu wa Amazoni, Manaus na Porto Velho, vilivyoshindwa kusikilizana vizuri. Sisi watu wa msitu mkubwa tunajua jinsi ngurumo za mvua zinavyoharibu sauti ya radio! Akatambua kwamba wimbi linalofaa usiku silo linalofaa mchana, akavipanga vituo hivyo kwa namna hiyo. Aliporudi alitengeneza lampi za radio zilizoweza kukuza sauti dhaifu mno. Zilikuwa lampi zenye tabia ngumu: gesi ilipopungua ndani yake, fundi alipaswa kuipasha moto ncha ya kioo ili kipande cha asbesto kilichomo kitoe gesi nyingine.

Vita vya 1914-1918 vilipoanza, lampi hizo ngumu zikawa na thamani kubwa. Round alichukuliwa jeshini, katika idara ya upelelezi, akawa kapiteni. Alijenga vituo vya kutambua sauti ya adui inatoka upande gani: kituo kimoja kinapiga mstari, cha pili kinapiga wake, na pale mistari inapokutana ndipo adui alipo. Alianza Ufaransa penye mapigano, kisha akaweka vituo vingine Uingereza kulinda bahari.

Tarehe 30 Mei 1916 wasikilizaji wake waliona kwamba manowari ya Wajerumani iliyokuwa katika bandari ya Wilhelmshaven imebadilika upande kwa digrii moja na nusu tu. Ni kitu kidogo sana. Kosa la mkono au la chombo lingeweza kuwa kubwa kuliko hilo. Hata hivyo Amiri Henry Jackson, mkuu wa manowari za Waingereza, aliiamini kazi hiyo, na merikebu zikaamriwa kutoka usiku ule. Kesho yake vikawa vita vya Jutland.

Hapa lazima tuseme jambo la kuhuzunisha. Siku ile ya vita, afisa mmoja wa makao makuu aliuliza jina la radio la amiri wa Wajerumani linasikika wapi, akajibiwa kwamba ni Wilhelmshaven. Hakuuliza zaidi. Kumbe amiri yule alipotoka baharini, jina lake liliachiwa kituo cha nchi kavu! Hivyo Amiri Jellicoe aliambiwa kwamba adui mkuu bado yuko bandarini, na saa chache baadaye alikutana naye. Watu zaidi ya 8,600 walikufa katika vita hivyo, wa pande zote mbili. Chombo kilisema kweli. Aliyeuliza ndiye hakuwasikiliza waliojua. Sisi hatuwezi kumhesabia Round kosa hilo. Serikali yake ilimpa nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Amani iliporudi, maarifa yale ya vita yakageuka kuwa ya kuimba. Tarehe 15 Juni 1920, mwimbaji mashuhuri Nellie Melba aliimba huko Chelmsford mbele ya chombo cha kampuni ya Marconi, katika kazi ambayo Round alikuwa mmoja wa mafundi wake wakuu, na watu wa nchi nyingi za Ulaya wakamsikia. Kwa kituo cha London, ambacho BBC ilianza kukitumia tarehe 14 Novemba 1922, Round ndiye aliyetengeneza mtambo wa kurusha sauti. Alishughulika pia na mikrofoni, kwa kuwa mtambo mzuri hausaidii kitu ikiwa sauti imeharibika mdomoni pa msemaji. (Wasomaji wetu wa Masomo Matakatifu wakumbuke hilo!)

Mwaka 1931, mwaka uleule Marconi alipomjengea Papa Pio XI Radio Vatikano, Round aliiacha kampuni akafanya kazi peke yake. Katika vita vya pili aliitwa tena, sasa kwa vyombo vya kusikiliza nyambizi chini ya maji, akaendelea navyo hata baada ya vita kwisha. Hati za uvumbuzi wake zilifika 117. Ya mwisho ni ya mwaka 1962, naye alikuwa na miaka themanini na zaidi. Na mwaka huohuo, Marekani, Nick Holonyak alionyesha taa ndogo nyekundu iliyowaka kwa namna ya lile jiwe la 1907.

Mke wake wa kwanza, Olive, alimzalia watoto saba. Katika uzee, mwaka 1960, alioa tena. Alifariki tarehe 17 Agosti 1966 huko Bognor Regis, kando ya bahari, akiwa na umri wa miaka 85.