Girolamo Savonarola: Mtawa Aliyetaka Kuusafisha Mji kwa Moto



Leo hatusimulii maisha ya mtakatifu. Tunasimulia maisha ya mtawa aliyempenda Mungu kweli na kuchukia dhambi kweli, lakini mwisho wake ukawa mchungu. Soma hadi mwisho, kuna kitu chetu humo.

Girolamo Savonarola alizaliwa mwaka 1452 huko Ferrara, Italia. Babu yake alikuwa daktari, na nyumbani walitegemea kijana naye afuate njia hiyo. Lakini mwaka 1475 aliondoka kimyakimya akaenda Bologna kujiunga na Wadominiko. Alifunga sana, akavaa nguo zilizochakaa, akasali usiku.

Mwaka 1482 alitumwa Firenze. Huo ndio ulikuwa mji hasa! Benki, biashara ya vitambaa, wachoraji, sherehe, na familia ya Medici ikishika kila kitu. Mwanzoni mahubiri yake hayakumvutia mtu. Aliondoka, akarudi mwaka 1490, na safari hii kanisa kuu likajaa hadi watu kukosa pa kusimama. Aliwasema matajiri waliowanyonya maskini, akawasema hata viongozi wa Kanisa waliopenda anasa. Wanyonge wakaona kumbe wamepata mtetezi.

Mwaka 1494 mfalme wa Ufaransa aliingia Italia na jeshi. Medici wakafukuzwa, na watu wakamgeukia mtawa. Tuwe wakweli: alifanya mema. Alihimiza Baraza Kuu lililowapa wananchi wengi zaidi sauti, akaunga mkono mfuko wa kuwakopesha maskini kwa riba ndogo.

Vijana wanaingia kazini

Hapa ndipo panapotuhusu sisi. Savonarola aliwapanga watoto na vijana katika vikundi. Waliimba nyimbo za dini barabarani na kuomba sadaka za maskini. Vizuri kabisa. Lakini pia walipita nyumba kwa nyumba wakidai vitu vya anasa, na wakawakemea wacheza kamari na wanawake waliojipamba. Vijana wakawa polisi wa roho za wengine.

Tarehe 7 Februari 1497, siku ya mwisho ya sherehe kabla ya Kwaresima, lundo kubwa lilipangwa kwenye uwanja mkuu wa mji: vioo, manukato, nywele za bandia, karata, vinyago vya sherehe, ala za muziki, vitabu, hata picha za kuchorwa. Likawashwa moto huku kengele zikilia.

Wapo waliotoa vitu vyao kwa toba ya kweli. Wapo waliotoa kwa sababu jirani anaangalia. Moto hauwezi kutofautisha.

Mji unageuka

Papa Alexander VI, ambaye maisha yake yalikuwa na kashfa nyingi, alikuwa amemkataza kuhubiri. Savonarola hakutii, na Mei 1497 alitengwa na Kanisa. Mwaka huohuo njaa na tauni viliupiga mji. Watu wakaanza kuchoka.

Mwaka 1498 Mfransisko mmoja alitaka ukweli wa Savonarola upimwe kwa kupita ndani ya moto. Ndugu Domenico, mfuasi wake, akakubali kupita kwa niaba yake. Watu walijaa uwanjani kusubiri muujiza. Wakabishana kutwa nzima, mvua ikanyesha, hakuna aliyepita. Kesho yake, Jumapili ya Matawi, umati uliivamia nyumba ya watawa ya San Marco. Wengi wao walikuwa walewale waliowahi kumshangilia.

Alikamatwa na kuteswa. Gerezani aliandika tafakari juu ya Zaburi ya toba, ile ya Daudi. Hapo hakuhukumu mtu tena. Aliomba huruma kwa ajili yake mwenyewe. Tarehe 23 Mei 1498 alinyongwa pamoja na wenzake wawili, miili ikachomwa kwenye uwanja uleule, na majivu yakatupwa mto Arno.

Mbegu haikufa

Mwaka 1515 alizaliwa Firenze mtoto aliyelelewa kiroho na Wadominiko wa San Marco: Mtakatifu Filipo Neri. Alimheshimu Savonarola maisha yake yote. Lakini alipofika Roma, mji wenye maovu yake tele, hakuwasha moto. Alikaa na vijana, akatania nao, akaimba nao, akawaongoza kwenye hija ya makanisa saba, akawaungamisha kwa saa nyingi. Roma ikabadilika, mtu mmoja baada ya mwingine.

Kijana mwenzangu, mjini tunaona mengi ya kukasirisha. Kuchukia dhambi ni sahihi. Ila jiulize leo: ni lini mara ya mwisho umekemea dhambi ya mwingine, na ni lini mara ya mwisho umekwenda kuungama yako?

Tuombe: Ee Bwana, tupe bidii bila ukali, na ukweli wenye huruma. Mtakatifu Filipo Neri, utuombee. Amina.