Friedrich Froebel na Michezo ya Watoto

Mpenzi msomaji, yamkini nawe umepata kumkaripia mtoto mdogo aache mchezo, ashike jambo la maana. Mjerumani Friedrich Froebel aliona kwamba katika umri ule hakuna jambo la maana kuupita mchezo.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Baba yake, mchungaji wa Kilutheri, alizama katika kazi za kanisa. Na mama wa kambo, alipojaliwa mtoto wake mwenyewe, akamweka Friedrich kando. Alikua mpweke hata mjomba wake alipomchukua akiwa na miaka kumi.

Akawa mwalimu, na tangu 1808 hadi 1810 alikaa na Pestalozzi huko Yverdon, Uswisi. Mwaka 1837 alianzisha mjini Blankenburg nyumba ya michezo ya watoto wadogo, ambayo mwaka 1840 aliiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Hapo ndipo chimbuko la shule za chekechea.

Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba alitaka kumpokonya mama kazi yake. Kitabu chake cha 1844, cha nyimbo na michezo ya vidole, kilimlenga mama mwenye mtoto mapajani. Na vifaa vyake ni vyepesi. Kwanza mipira sita ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Mama huufunga mpira uzi, akaupeleka na kuurudisha mbele ya mtoto, akauficha, akautokeza, huku akimsemesha: upo, haupo, umerudi. Hivyo mtoto hujifunza kwamba kisichoonekana hakikupotea, na neno hupata maana mbele ya macho yake. Baadaye hupewa mchemraba wa mbao uliogawanyika vipande vinane, ambao seremala yeyote aweza kuukata katika mabaki yake. Hujenga kiti, hubomoa, hujenga nyumba. Mkono huhesabu kabla ulimi haujajua hesabu.

Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo kwa tuhuma za ukafiri na ujamaa, ikimchanganya na Karl Froebel, mtoto wa nduguye. Alijitetea, hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, bila mtoto wa kumzaa, na marufuku ingaliko. Iliondolewa mwaka 1860. Lakini tayari mwaka 1856 Margarethe Schurz, aliyepata mafunzo yake, alikuwa amefungua bustani ya namna hiyo huko Watertown, Marekani, nyumbani mwake, kwa ajili ya bintiye na watoto wachache wa jamaa zake.