Elizabeth Garrett Anderson na Kiti cha Halmashauri ya Skuli

Watu wengi katika miji yetu hudhani kuwa kiti cha halmashauri ya skuli ni kitu kidogo, kisichomfaa mtu mwenye ilimu wala mwenye shughuli kubwa. Basi kiti hicho huachiwa yeyote anayekitaka, na skuli ikiharibika sote hukaa barazani tukalalamika. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema kuwaeleza ndugu zetu wasomaji maisha ya mwanamke mmoja wa Uingereza, ambaye alipokuwa amekwisha kupata sifa katika kazi ya utabibu, na shughuli zimemzonga kila upande, alikubali kusimama mbele ya watu ili awe mmoja wa wasimamizi wa skuli za mji wake. Mwanamke huyu si wa dini yetu wala si wa nchi yetu, lakini jambo jema hutazamwa kwa wema wake.

Elizabeth Garrett alizaliwa London, katika mtaa wa Whitechapel, mwaka 1836. Baba yake, Newson Garrett, alikuwa na duka la rehani. Kisha akahamia Aldeburgh, mji mdogo wa pwani ya Suffolk, akafanya biashara ya nafaka na makaa ya mawe mpaka akawa tajiri. Mzee huyu alikuwa na tabia moja iliyokuwa adimu katika zama zake, nayo ni kuwa aliwasomesha binti zake kama alivyowasomesha wanawe wa kiume. Elizabeth alipelekwa skuli ya bweni huko Blackheath, na alipotoka aliendelea kujisomesha mwenyewe nyumbani.

Mwaka 1859 alikutana na Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya utabibu katika Marekani, na tangu hapo akaazimu kuwa tabibu. Baba yake mwanzo alikasirika. Kisha akazingatia, akamuunga mkono kwa mali na kwa nguvu zake. Mwaka 1860 aliingia hospitali ya Middlesex kwa kazi ya uuguzi, akawa akihudhuria baadhi ya darasa za utabibu. Wanafunzi wanaume wakamshitaki kwa wakubwa, na milango ikafungwa. Vyuo vikuu navyo vikamkataa kimoja baada ya kingine.

Lakini yeye hakukaa akalia. Alitazama hati ya chama cha wauza dawa wa London, ambacho kilikuwa na haki ya kutoa idhini ya utabibu, akaona kuwa maneno ya hati ile hayakumtenga mwanamke. Akasoma kwa walimu wa faragha, akafanya mtihani, na mwaka 1865 akapewa idhini. Mara chama kile kikageuza kanuni zake ili asije mwanamke mwengine akapita njia ile ile. Yeye akajifunza Kifaransa barabara, akaenda kufanya mitihani ya chuo kikuu cha Paris, na mwaka 1870 akapata shahada yake ya udaktari.

Katika muda huo alikuwa amekwisha kufungua, mwaka 1866, dispensari ya wanawake masikini na watoto wao katika mtaa wa Marylebone. Hapo ndipo mahali tunapotaka msomaji apatazame kwa makini, kwani yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kila siku walimjia mama wenye dhiki, na tabibu anayewatibu watu masikini hukosi kujua nyumba zao zilivyo, watoto wao wanakula nini, na nani anakwenda skuli na nani hendi.

Na wasiokwenda walikuwa wengi. Mpaka mwaka 1870 Uingereza haikuwa na sheria ya kuhakikisha kuwa kila mtoto ana nafasi ya kusoma. Skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa na jumuiya za sadaka, na palipokosekana watu wa kujitolea, skuli haikuwako. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya ilimu, kuwa kila mahali penye upungufu wa skuli watu wachague halmashauri, na halmashauri hiyo iwe na haki ya kutoza kodi na kujenga. Wanawake, ambao wakati ule hawakuwa na kura ya Bunge, waliruhusiwa katika jambo hili la skuli: mwenye kulipa kodi ya mtaa alipiga kura, na mwanamke aliweza pia kusimama achaguliwe.

Halmashauri ya London ilikuwa na viti 49, na katika hivyo 7 vilikuwa vya Marylebone. Namna ya kupiga kura ilikuwa ya ajabu kidogo. Kila mpiga kura alikuwa na kura kwa hesabu ya viti vya mtaa wake, naye aliweza kuzigawa, au kuzikusanya zote akampa mtu mmoja. Kwa hivyo wa Marylebone alikuwa na kura 7 mkononi mwake.

Ndipo wakamjia Elizabeth wanaume wa mtaa ule, watu wa kazi za mikono, waume na baba za wale wagonjwa wake, wakamtaka asimame. Yeye alisita. Kazi yake ilikuwa nyingi, na kusema mbele ya mkutano hakukuzoea. Hata hivyo alikubali, na James Skelton Anderson, mfanya biashara wa meli, akawa mkubwa wa kamati ya kumsaidia. Akenda mikutanoni, akasema, akaulizwa, akajibu.

Uchaguzi ulifanywa mwezi wa Novemba 1870. Elizabeth alipata kura 47,858, na hapana mtu katika London nzima aliyepata nyingi kama hizo. Aliyemfuata katika Marylebone alikuwa Thomas Huxley, mtaalamu mashuhuri wa sayansi, naye alipata 13,494. Hapana shaka kuwa ile namna ya kukusanya kura ilimsaidia. Lakini mtu hamkusanyii mwenziwe kura zote 7 ila anamjua na kumuamini. Watu wa Marylebone hawakumjua kwa mabango wala kwa ahadi. Walimjua kwa kuwa alikuwa amewatibia watoto wao miaka minne kabla hajaomba kitu kwao.

Halmashauri ilianza kazi yake chini ya uwenyekiti wa Lord Lawrence, aliyekuwa mtawala wa Bara Hindi kwa niaba ya Malkia wa Uingereza. Pamoja na Elizabeth alikuwako mwanamke mwengine, Emily Davies, aliyechaguliwa na watu wa Greenwich. Kazi yenyewe haikuwa ya fahari. Ilikuwa ni kuhesabu watoto wasio na nafasi, kutafuta viwanja, kujenga, kuajiri walimu, kukadiria ada, na kuweka kanuni ya kuwalazimisha wazazi wapeleke watoto wao skuli. Palikuwa na ugomvi mkubwa pia juu ya mafunzo ya dini, kwani kila madhehebu yaliogopa kuwa mengine yatawateka watoto wao. Sheria ilikuwa imekataza skuli za halmashauri zisifundishe itikadi ya madhehebu maalumu, na ilimpa mzazi haki ya kumtoa mwanawe katika somo la dini asilolitaka.

Mwaka 1871 Elizabeth aliolewa na yule Skelton Anderson, na hakuacha utabibu. Mwaka 1873 alizaa mtoto wake wa kwanza, na muda wa halmashauri ulipokwisha mwaka huo hakusimama tena, kwani nyumba na wagonjwa walimtaka. Katika jambo hili pia pana mafunzo. Wako watu ambao kiti wakikipata hukigandama, hawaji mkutanoni wala hawampishi mwenye nafasi. Yeye alipoona hawezi kuitimiza amana, aliirejesha kwa wenyewe. Halmashauri ile iliendelea bila yake mpaka mwaka 1904, ikajenga skuli kwa mamia.

Dispensari yake iligeuka hospitali ya wanawake, na toka mwaka 1883 mpaka 1903 alikuwa mkuu wa chuo cha utabibu cha wanawake cha London. Mwaka 1908, akiwa mjane, watu wa Aldeburgh walimfanya meya wao, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kushika kazi hiyo. Alifariki mwezi wa Disemba 1917, umri wake miaka 81.

Ndugu zetu, hapa kwetu Kenya sheria ya ilimu ya mwaka 2013 imeweka halmashauri za kusimamia skuli, na wazazi wana wajumbe wao ndani yake. Basi na ajiulize kila mzazi: wajumbe wa skuli anayosoma mwanangu ni nani, na walichaguliwa vipi? Mkutano ulipoitishwa, nilikwenda, au nilisema nina shughuli? Elizabeth Garrett alikuwa na shughuli kuliko wengi wetu. Na mwenye kutaka kusimama, naye ajiulize swali jengine lililo zito zaidi: kabla sijaomba kura za watu hawa, nimewafanyia nini watoto wao? Akiwa ana jawabu, na asimame. Akiwa hana, na aanze kwanza kutumika, kwani kura zitamjia zenyewe.