Nana Asma'u wa Sokoto, Mwalimu wa Wanawake

Katika mabibi wa Kiislamu walioutumikia umma kwa kalamu, ni wachache waliofikia daraja ya Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio. Alizaliwa mwaka 1793 huko Degel, katika nchi ya Wahausa ambayo leo imo kaskazini ya Nigeria. Baba yake alimpa jina la Asmaa binti Abu Bakari, yule aliyewapelekea chakula Mtume (S.A.W.) na sahibu yake walipojificha pangoni.

Shehu aliwalaumu waziwazi maulamaa wa zama zake waliowasomesha wageni ilhali wake zao na binti zao wamebaki katika ujinga. Aliandika ya kuwa mke asiyefundishwa dini na mumewe ana haki ya kutoka kuitafuta elimu hiyo. Katika nyumba ya namna hiyo Asma'u alisoma Kurani, fikihi na tasaufi. Mwaka 1807 aliolewa na Gidado dan Laima, ambaye baadaye alikuwa waziri wa Sokoto chini ya Muhammad Bello, ndugu yake Asma'u kwa baba.

Tungo zake zinazojulikana zapita 60, nazo ziko katika Kiarabu, Kifulfulde na Kihausa. Kihausa alikitumia ili maneno yake yawafikie watu wa kawaida, wapate kuyahifadhi moyoni hata wasiojua kusoma. Katika utungo mmoja aliwataja mabibi watakatifu wa zamani, akiwamo Rabia al-Adawiya wa Basra, ili wanawake wa Sokoto wajue kwamba ucha Mungu na maarifa si urithi wa wanaume peke yao. Tena alitunga maombolezo ya wanawake wasio na cheo, akahifadhi kumbukumbu ya subira yao na wema wao kwa majirani.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kundi la Yan Taru. Mama mwenye watoto wadogo hakuweza kusafiri. Basi Asma'u akawatumia wanawake watu wazima na wasichana. Walikwenda Sokoto kwa makundi, wakajifunza kwake, kisha wakarudi vijijini kuwafundisha wenzao majumbani mwao. Kila kiongozi wao, aitwaye jaji, alivikwa na Asma'u kofia pana ya majani iliyofungwa kitambaa chekundu. Kofia kama hiyo ilikuwa zamani alama ya bibi mkuu wa ibada ya mizimu huko Gobir; Asma'u akaigeuza ikawa taji ya elimu.

Bibi huyu hakuwaamrisha wanawake kuvunja nyumba zao wala kuitupa stara. Tungo zake zawahimiza heshima na utii. Alilokataa ni kuifanya stara kuwa kisingizio cha ujinga. Kwake yeye, elimu ilikuwa faradhi iliyo juu ya mwanamke kama ilivyo juu ya mwanamume, na mwenye kumzuia huzuia haki aliyoiweka Mwenyezi Mungu.

Nana Asma'u alifariki mwaka 1864, na Yan Taru wakaendelea baada yake. Basi kila mzazi aliye na binti nyumbani na ajiulize: je, haki hiyo ameitimiza? Mola amrehemu bibi huyu na atujaalie kuufuata mwendo wake. Amin.