Alice Ball: Binti aliyelainisha dawa ya ukoma, sifa zikamwendea mwingine

MNAMO Desemba 31, 1916, mwanakemia Alice Augusta Ball aliaga dunia mjini Seattle, Marekani, akiwa na umri wa miaka 24 pekee. Katika maabara ya chuo alikofundisha, huko visiwani Hawaii, alikuwa ameacha kazi ambayo hakuwahi kupata fursa ya kuichapisha.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa tiba ya ukoma iliyotegemewa kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo, kwa miongo mingi jina lililobandikwa juu yake halikuwa lake.

Ball alizaliwa Seattle mnamo Julai 24, 1892, katika familia ya Wamarekani weusi iliyojiweza kielimu. Babu yake, James Presley Ball, alikuwa miongoni mwa Waafrika-Wamarekani wa kwanza kujifunza ufundi wa kupiga picha, enzi ambapo picha zilichapwa kwenye bamba za shaba zilizopakwa fedha. Wapo wanaodhani kwamba ni katika vyumba vya giza vya jamaa zake, kati ya dawa za kusafishia picha, ndiko binti huyo alikoonjeshwa kemia mara ya kwanza. Ni dhana ya kupendeza, ingawa haihitajiki kueleza kipaji chake.

Akiwa mtoto aliishi Honolulu kwa muda mfupi, kisha familia ikarejea Seattle baada ya babu kufariki mwaka 1904. Katika Chuo Kikuu cha Washington alipata shahada ya kemia ya dawa mwaka 1912, na ya famasia mwaka 1914. Mwaka huo huo wa 1914, yeye na mhadhiri wake William Dehn walichapisha makala katika jarida la Chama cha Wanakemia wa Marekani. Hilo halikuwa jambo dogo kwa mwanamke yeyote wakati huo, sembuse mwanamke mweusi.

Alirudi Hawaii kusomea shahada ya uzamili, na mwaka 1915 akawa mwanamke wa kwanza, na pia Mwamarekani mweusi wa kwanza, kutunukiwa shahada hiyo na Chuo cha Hawaii, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Hawaii. Chuo kilimwajiri papo hapo kufundisha kemia. Tasnifu yake ilichunguza viambato vya kava, mmea ambao mizizi yake hutengenezwa kinywaji cha kutuliza mwili na wenyeji wa visiwa vya Pasifiki.

Ni tasnifu hiyo iliyomvutia Dkt Harry Hollmann, tabibu katika Hospitali ya Kalihi, Honolulu. Hollmann alikuwa akitibu wagonjwa wa ukoma, na alihitaji mtu anayejua kutenganisha viambato vya mimea.

Ili kuelewa uzito wa ombi lake, yafaa kukumbuka ukoma ulimaanisha nini Hawaii. Chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1865, aliyebainika kuwa na maradhi hayo alikamatwa na kupelekwa Kalaupapa, rasi ya kisiwa cha Molokai iliyozingirwa na bahari upande mmoja na majabali marefu upande wa pili. Mume alitenganishwa na mke, mtoto na mamake. Takriban watu 8,000 walipelekwa huko kwa miaka yote, wengi wao Wahawaii asilia, na wengi hawakurudi. Ndiko Padre Damien kutoka Ubelgiji alikohudumu hadi alipoambukizwa na kufa mwaka 1889.

Dawa pekee iliyoonekana kuleta nafuu ilikuwa mafuta ya chaulmugra, yanayokamuliwa kutoka kwa mbegu za mti unaoota India na Kusini-Mashariki mwa Asia. Waganga wa huko waliyatumia kwa karne nyingi. Kasoro ilikuwa katika kuyatumia. Yakipakwa yalinata kwenye ngozi bila kupenya vyema. Yakinywewa yalitapisha, hata baadhi ya wagonjwa wakaona heri wabaki na maradhi. Yakidungwa kwa sindano yalikuwa mazito mno, yakajikusanya chini ya ngozi na kufanya manundu yenye maumivu makali.

Tatizo, kwa ufupi, ni kwamba mafuta hayachanganyiki na maji, na mwili wa binadamu una maji tele. Ball alitenga asidi zilizomo ndani ya mafuta hayo, kisha akazigeuza kuwa esta za ethili, yaani kimiminika chepesi ambacho kingepita kwenye sindano na kufyonzwa na mwili huku kikibaki na nguvu zake za kutibu. Alifanikisha hayo akiwa na umri wa miaka 23, katika muda aliobaki nao baada ya kufundisha darasani.

Kisha akaugua, akarudi Seattle na kufariki. Gazeti moja la Honolulu liliripoti mwaka 1917 kwamba huenda alivuta gesi ya klorini akiwaonyesha wanafunzi matumizi ya barakoa ya kujikinga na gesi, kwani vita vilikuwa vimepamba moto Ulaya. Cheti chake cha kifo, ambacho kilibadilishwa baadaye, kinataja kifua kikuu.

Rais wa chuo hicho, Arthur Dean, ambaye pia alikuwa mwanakemia, aliendeleza utafiti huo. Ni haki kusema kwamba hakukaa bure: chini yake maabara ya chuo ilitengeneza dawa hiyo kwa wingi. Kufikia mwaka 1920, wagonjwa 78 walikuwa wameruhusiwa kutoka Hospitali ya Kalihi na kurudi makwao, jambo ambalo awali lilikuwa ndoto. Lakini Dean alipochapisha matokeo, hakumtaja Ball. Ulimwengu ukaanza kuzungumzia mbinu ya Dean.

Hollmann ndiye aliyevunja kimya. Katika makala ya mwaka 1922 aliiita mbinu hiyo kwa jina la Ball, na kueleza kwamba hakuona kuwa marekebisho yaliyofuata yaliiboresha ile ya awali. Wachache walimsikiliza.

Dawa yenyewe haikuwa tiba kamili, kwani baadhi ya walioachiliwa waliugua tena. Iliendelea kutumika hadi miaka ya 1940, baada ya dawa za salfoni kujaribiwa Carville, Louisiana, mwaka 1941. Hawaii iliendelea kuwatenga wagonjwa kisheria hadi 1969.

Jina la Ball lilifufuliwa na watafiti waliopekua nyaraka za zamani za chuo, wakiwemo Kathryn Takara na Stanley Ali. Mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Hawaii kiliweka bamba la kumkumbuka chini ya mti wa chaulmugra ulio katika bewa la Manoa, na Februari 29 ikatangazwa kuwa Siku ya Alice Ball. Mwaka 2007 alitunukiwa nishani ya heshima ya baraza la chuo hicho, miaka 90 baada ya kifo chake. Mnamo 2019, jina lake liliongezwa pamoja na ya Florence Nightingale na Marie Curie kwenye ukuta wa nje wa chuo cha afya na tiba za nchi za joto jijini London, ambako hadi wakati huo yalikuwa yamechongwa majina ya wanaume pekee.